Mbona wanauza unga?

Nikiwa Kasulu mjini, mtu akishajua kwamba nafanya utafiti wa lishe kambini Nyarugusu, hakosi kuniuliza: "Hao wakimbizi mbona wanauza unga? Si wameshiba hao?" Nimeulizwa na bodaboda, na mganga wa zahanati, hata na mjomba wangu. Leo nawajibu wote.

Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita, wengi wao wakitokea Kivu ya Kusini, ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika. Kuanzia 2015 wakaongezeka Warundi. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, kwa hiyo kwenda kibarua vijijini ni kujitafutia kukamatwa. Mwaka 2017 mpango wa kuwapa fedha taslimu ulisitishwa, na 2019 masoko ya pamoja, walipokuwa wakiuziana na Waha wa vijiji jirani, yakafungwa. Tegemeo likabaki mgao wa WFP, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani: unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta, chumvi na unga wa uji wa lishe. Mgao kamili hukadiriwa kumpa mtu kilokalori 2,100 kwa siku. Juni 2023, fedha za wafadhili zilipopungua, ulishuka hadi nusu.

Sasa tuje kwenye kuuza. Njegere kavu haziivi kwa moto wa vijiti viwili. Nimekaa jikoni kwa mama mmoja Mbembe wa Fizi, huko Kivu ya Kusini, tangu jua la utosi hadi linaelekea kuzama, tunaongeza maji, tunakoroga, na njegere bado zinagonga sufuria. "Chakula niko nacho kidogo, mwanangu," akaniambia. "Kuni ndiyo haiko." Porini kwenyewe si mahali pa kwenda peke yako, wako wanawake waliopigwa huko, wako waliobakwa. Basi mama anapima makopo mawili ya unga, anauza, ananunua kuni, kipande cha sabuni na ndagala, yaani dagaa, kidogo. Anauza kwa sababu ana njaa. Unga bila moto hauliwi.

Kinachoniuma ni kwamba hata sisi watafiti tunaweza kumpita mama huyu bila kumwona. Kipimo kinachotumika sana ni alama za ulaji wa kaya. Unauliza: katika siku 7 zilizopita, kila kundi la chakula mmelila siku ngapi? Kisha unazidisha: nafaka mara 2, jamii ya kunde mara 3, nyama au samaki mara 4, mafuta mara nusu. Haya, tumpigie hesabu. Ugali siku 7, alama 14. Njegere siku 7, alama 21. Mafuta, 3.5. Jumla 38.5, na ukivuka 35 ulaji wako unahesabiwa kuwa unaridhisha. Hata tukitumia kizingiti cha juu cha 42, kinachowekwa pale ambapo mafuta na sukari huliwa karibu kila siku, anaingia kundi la kati. Hakuna aliyemuuliza sahani ilijaa kiasi gani. Mgao ukikatwa nusu, maadamu kila siku kuna tonge, alama ni zilezile.

Na zile ndagala! Ni kijiko kimoja kilichotiwa kwenye mboga ya watu sita ili inukie. Mdodosaji mwenye haraka akiandika "samaki, siku 2", kaya imeongezewa alama 8 ambazo hakuna mtoto aliyezila. Kwa kanuni hicho ni kiungo, na kiungo hakina alama. Nawasisitizia vijana wangu waombe kuonyeshwa hicho kijiko.

Halafu kuna suala la nani anakula. Ukiuliza kaya imekula mara ngapi, utajibiwa mara moja au mbili. Ukiuliza nani aliruka mlo ili wengine wapate, karibu kila nyumba mkono unamwelekea mama, naye mara nyingi ananyonyesha. Huyo ndiye tunayempokea kliniki akiwa na upungufu wa damu, tunampa vidonge vya madini ya chuma, tunamrudisha kwenye sufuria ileile.

Kwenye dodoso letu lijalo nimeweka sehemu ya kuni: zinatoka wapi, zimenunuliwa kwa unga kiasi gani, na mara ngapi chakula kimeliwa hakijaiva. Wenzangu wanalalamika kwamba linarefuka. Ni kweli linarefuka, na sitalipunguza. Wanafunzi wa afya ya jamii mnaokuja huku kwa mafunzo ya vitendo, pamoja na fomu zenu, njooni na mzani wa jikoni.