Kipato cha pembeni kwa dalali wa nyumba: kazi inayoanza baada ya ufunguo kukabidhiwa

Dalali wa nyumba wa Dar es Salaam hulipwa mara moja, tena na mtu ambaye huenda wasionane tena. Mpangaji akishalipa kodi ya miezi sita au ya mwaka, huongeza juu yake kodi ya mwezi mmoja ya dalali, anachukua ufunguo, na habari zao zinaishia hapo. Nyumba ya laki tatu ikipata mpangaji leo, dalali anahesabu laki tatu leo, na mara nyingi hata hizo hazibaki nzima, kwa kuwa aliyempata mteja yuko Sinza na mwenye taarifa za nyumba yuko Tabata, kwa hiyo wanagawana. Baada ya hapo zinaweza kupita wiki kadhaa za kupokea simu, kutembea na wateja na kurudi nyumbani mikono mitupu. Kazi yenyewe ina misimu yake. Vyuo vikuu vinapofunguliwa, kati ya Oktoba na Novemba, vyumba vya Mabibo, Makongo na Sinza huisha kama karanga za moto, ilhali Januari, wazazi wanapohangaika na ada na sare za shule, watu hubaki walipo hata kama paa linavuja.

Ndiyo maana madalali wengi wana shughuli ya pili: mmoja anaendesha bodaboda, mwingine ana kibanda cha miamala ya simu, na wapo wanaouza viatu vya mtumba. Sina neno na shughuli hizo. Hata hivyo naona zinaacha nje mtaji ambao dalali tayari anao na ambao muuza viatu hana: anazijua nyumba za eneo lake moja baada ya nyingine, ana namba za wenye nyumba, anamjua fundi bomba anayepokea simu usiku, na anajua ni mtaa upi maji hutoka mara mbili kwa wiki. Kwa maoni yangu, kipato cha pembeni kinachomfaa dalali ni kile kinacholipwa na mwenye nyumba kila mwezi, kwa kazi ambayo mwenye nyumba mwenyewe hawezi au hataki kuifanya.

Kabla ya kufika huko, lazima tuseme ukweli kuhusu vipato vya pembeni ambavyo tayari vimezoeleka. Cha kwanza ni cha juu. Mwenye shamba anataka milioni nane, dalali anamwambia mnunuzi milioni kumi na mbili, na tofauti inaingia mfukoni bila mwenye mali kujua. Cha pili ni hela ya kuonyeshwa nyumba, elfu kumi hapa na elfu ishirini pale, ambayo baadhi yetu madalali wameigeuza kuwa biashara kamili kwa kuwazungusha watu kwenye nyumba ambazo zilishapangishwa wiki mbili nyuma. Sivikatai kwa sababu ya maadili peke yake. Siku hizi mnunuzi na muuzaji hupeana namba wakiwa bado shambani, jioni wanapigiana, na dalali aliyeweka cha juu anajulikana kabla ya usiku. Mwenye mali aliyemgundua hawezi tena kumkabidhi nyumba yake aisimamie, na usimamizi ndiko kwenye fedha ya kila mwezi.

Nianze, basi, na usimamizi wenyewe, kwa kuwa ndio unaonilisha zaidi. Soko lake limekua kwa sababu zinazoeleweka. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoamua kuhamia Dodoma kwa vitendo, watumishi wengi walihama na wizara zao wakaacha nyumba zao Kimara, Mbezi, Kinyerezi na Goba. Wapo waliostaafu wakarudi Moshi au Bukoba. Wapo Watanzania walio Muscat, London na miji ya Marekani, waliojenga kwa miaka mingi na hawana mpango wa kurudi karibuni. Kuna pia kundi ambalo watu hulisahau: warithi. Mzee amefariki, ameacha nyumba ya wapangaji sita Magomeni au Temeke, watoto wapo watano na hakuna anayemwamini mwenzake kukusanya kodi. Wakimpata mtu wa nje ambaye kila mwezi anatuma hesabu moja, ya aina moja, kwenye kundi lao la WhatsApp, watamlipa kwa furaha, kwa sababu anawapunguzia vikao vya ukoo.

Mimi hutoza asilimia nane ya kodi inayokusanywa, na fundi akihitajika, mwenye nyumba hulipa gharama halisi kwa stakabadhi. Sharti langu moja halibadiliki: kodi haipiti kwenye simu yangu. Mpangaji analipa moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye nyumba, ananitumia uthibitisho wa malipo, nami natoza ujira wangu kwa ankara mwisho wa mwezi. Wenzangu huniambia kwamba najinyima nafasi ya kuzungusha hizo fedha kidogo kabla ya kuzifikisha, na ni kweli kabisa, ndicho ninachokusudia. Fedha ya mwenye nyumba ikikaa mkononi mwa dalali siku ambayo mtoto ameugua, kila mtu anajua itakakoelekea.

Msimamizi anapaswa pia kujua kodi za Serikali zinazoigusa nyumba, maana hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Kodi ya zuio ya pango kwa mwenye nyumba mkaazi ni asilimia 10, na mpangaji ndiye anayetakiwa kuikata na kuiwasilisha TRA, yaani Mamlaka ya Mapato; kampuni zinazopanga nyumba hufanya hivyo bila kuuliza, na mwenye nyumba asiyejua huona amepunjwa. Kodi ya majengo nayo, tangu mwaka 2021, hukatwa kwenye umeme kupitia LUKU, ile mita ya kulipia kabla ya kutumia, na kwa nyumba ya kawaida ilipandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi. Kisheria huo ni mzigo wa mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Nimeamua manung'uniko haya mara nyingi, na suluhisho langu ni jepesi: kwenye mkataba tunaandika kwamba shilingi 18,000 za mwaka zitaondolewa kwenye kodi ya pango ya awamu inayofuata. Mwenye nyumba hapotezi kitu ambacho hakuwa anadaiwa, na mpangaji anaacha kunipigia simu kila anaponunua umeme.

Kazi ya pili, ndogo lakini yenye heshima, ni makabidhiano. Wengi wetu tunampa mpangaji ufunguo mlangoni na kuondoka. Mimi huingia ndani na mpangaji na daftari, na mara nyingi hiyo kazi huchukua saa nzima. Katika nyumba moja ya Tabata, yenye vyumba viwili, sebule na choo cha ndani, tulianza na mita ya maji: tukapiga picha tarakimu zake, kisha tukauliza deni kwa namba ya akaunti ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na kumbe mpangaji aliyehama alikuwa ameacha bili ya miezi mitatu. Tukaenda kwenye LUKU, tukaandika namba ya mita na uniti zilizobaki. Tukafungua kila bomba, tukavuta maji chooni, tukawasha kila taa, tukapiga picha ufa ulio juu ya dirisha la jikoni na kigae kilichopasuka karibu na sinki. Mpangaji akatia saini, nami nikamtumia mwenye nyumba nakala akiwa huko huko aliko. Huduma hiyo naitoza elfu thelathini, na hutolewa tena siku ya kuhama. Faida yake kubwa huonekana wakati wa kurejesha amana, pale ambapo bila karatasi kila upande huapa kwa jina la Mungu kwamba kigae kilikuwa kizima au kilikuwa kimepasuka.

Walioko nje ya nchi huwa na hitaji jingine ambalo linalipa vizuri zaidi, nalo ni mtu wa kusimama kwenye ujenzi wao. Sisemi dalali awe mhandisi. Nasema awe macho. Mwenye nyumba akiwa Muscat anatumiwa picha ya ukuta uliopakwa rangi na anaona kazi imekwisha; hawezi kuona kwamba mfuko wa saruji wa kilo 50 ulilazimishwa kutoa tofali nyingi kuliko uwezo wake, na kwamba tofali hizo zinavunjika kona kwa kidole. Mimi hufika siku ambazo vifaa vinashushwa, nahesabu mifuko na nondo kabla dereva wa Kenta hajaondoka, napima unene wa nondo kwa kuwa ya milimita 10 ikilazwa peke yake hudhaniwa ni ya 12, na ninasubiri zege la msingi na la lenta limwagwe nikiwa palepale. Picha napiga pamoja na kitu kinachoonyesha kipimo. Malipo yangu ni ya kila ziara na siyo asilimia ya gharama za ujenzi, kwa sababu msimamizi anayelipwa asilimia hana haraka ya kuona gharama zikipungua. Na mambo ya uimara wa jengo namwachia mhandisi, ambaye mwenye nyumba humlipa mwenyewe.

Kuhusu viwanja, ipo nafasi ya kuwahakikia wanunuzi mali ambayo wewe siye unayeiuza. Narudia maneno hayo kwa makusudi: dalali hawezi kumtafutia muuzaji mnunuzi na papo hapo akamhakikia mnunuzi kiwanja hicho hicho, maana atakuwa shahidi na mdai kwa wakati mmoja. Kazi yenyewe ni ya miguu na subira. Unaanza kwa kuuliza kuna karatasi gani, kwa kuwa hati miliki, leseni ya makazi na karatasi ya mauziano iliyoandikwa mbele ya majirani ni vitu vitatu vyenye uzito tofauti. Kama ipo hati, unafanyika upekuzi katika ofisi ya ardhi ili kuona jina la mmiliki na kama kuna mkopo wa benki au zuio lililosajiliwa, jambo ambalo muuzaji mwenye shida ya haraka mara nyingi hujisahaulisha. Kiwanja kilichopimwa kinahitaji mpima ardhi aje na kifaa chake athibitishe bikoni, yaani alama za mipaka, maana bikoni huhamishwa usiku na macho ya dalali hayapimi mita. Unauliza pia habari za ndoa, kwa sababu nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Ukifika serikali ya mtaa utakuta ule mtindo wa kudai asilimia kumi ya bei ya mauzo, nao viongozi wa Serikali wameukemea mara nyingi. Mnunuzi anapaswa kuambiwa mapema kwamba hauna msingi wa kisheria. Mkataba wa mauziano mwachie wakili, kwa kuwa kuandaa nyaraka hizo kwa malipo ni kazi yake kisheria, na dalali anayejifanya wakili anajitafutia kesi.

Yapo madogo madogo. Anayehamia anahitaji Kirikuu au Kenta ya kubebea vyombo, mtu wa kusafisha, fundi wa kubadili vitasa, na pengine mtu wa kupaka rangi chumba cha mtoto. Ukiwa na watu unaowaamini, bei ikajulikana waziwazi na kamisheni yako ikalipwa na fundi kwa makubaliano yasiyofichwa, utapata fedha ya vocha na zaidi kidogo. Kijana mwenye simu nzuri na mkono usiotetemeka anaweza kuwapigia madalali wenzake picha na video za nyumba, maana nyingi ya zile tunazoweka Instagram ni za giza, zinaonyesha ndoo na kandambili kuliko zinavyoonyesha sebule.

Naulizwa sana kuhusu kupangisha kwa siku, yaani kuchukua apatimenti Mikocheni au Masaki, kuiwekea samani na kuitangaza Airbnb. Hamasa imeongezeka kwa sababu ya AFCON ya mwaka 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kuiandaa kwa pamoja. Kwa dalali asiye na akiba, mimi siishauri. Kodi ya mwaka mzima inatangulia, samani zinatangulia, kiyoyozi kinakula umeme wako, na mashindano ya mpira hudumu wiki chache huku mkataba wa pango ukiendelea. Zaidi ya hayo, mikataba mingi inakataza kumpangisha mtu mwingine bila ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba. Namna inayonipendeza ni dalali kumsimamia mwenye apatimenti yake, ambaye samani na hasara ni zake, huku yeye akilipwa kwa kupokea wageni, kusimamia usafi na kufua mashuka.

Shughuli zote hizi zinahitaji TIN na leseni ya biashara, hata kama unaanza na nyumba mbili. Kampuni ikitaka kukukabidhi nyumba za wafanyakazi wake, swali la kwanza la mhasibu wao litakuwa namba yako ya mlipakodi, na la pili litakuwa risiti. Mkataba wa usimamizi nao uwe wa maandishi, utaje kiwango cha matengenezo unachoweza kuidhinisha bila kuuliza, nani anashika ufunguo wa akiba, na notisi ya kuachana ni ya siku ngapi. Kiwango changu cha matengenezo ni shilingi elfu hamsini: bomba likipasuka saa nne usiku na mwenye nyumba amelala Muscat, fundi anaingia, na stakabadhi inamkuta asubuhi.