Chupa ya vitunguu saumu na fizi yangu
Jamani, wiki tatu nilikuwa na chupa ya vitunguu saumu vinavyochachuka juu ya kabati: punje zilizomenywa, lita moja ya maji, chumvi gramu 30. Kila asubuhi nalegeza kifuniko, inapumua pssss! Punje kadhaa zikageuka kijani, nikadhani zimeoza, kumbe ndivyo zinavyokuwa.

Lengo lilikuwa fizi ya gego la nyuma, imevimba, inatoa damu nikipiga mswaki. Nikala punje mbili kila jioni. Ukali umepoa, ladha tamu kabisa (mume wangu alilala kanigeuzia mgongo).

Uvimbe ulipungua kidogo, ukarudi. Daktari wa meno akakwangua ukoga uliogandamana chini ya fizi, baada ya siku chache kwisha. Punje zilizobaki nazila na dagaa.