Ukurasa wa 61

Juzi binti yangu kaja na kitabu mkononi kaniuliza, "Mama, umefika ukurasa wa ngapi?" Nikamjibu fasta, niko mbali, huku naendelea kuosha vyombo. Akanyamaza kidogo, halafu, "Mbona karatasi yako iko palepale?" Hapo ndo nikamkumbuka baba na risiti yake.

Hii mijadala ya maktaba mnaijua, familia mnajiandikisha, kila mwezi kitabu kimoja, mzazi na mtoto mnasoma kilekile, maktaba inaazimisha nakala za kutosha kila nyumba ipate, halafu siku ya siku mnakaa kwenye duara mnaongea. Baba alipoambiwa ni bure hakuamini, aliuliza mara mbili kama hakuna ada inayokuja baadaye. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba ile ilani ya IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba) na UNESCO ya 1994 inasema wazi, huduma ya maktaba ya umma kimsingi iwe bure, ila baba ungempa hiyo ilani angetaka kwanza kuona mhuri.

Sheria zenyewe zilikuwa mbili tu, hakuna jibu moja sahihi, na mzazi asimjibie mtoto. Hiyo ya pili iliwashinda wengi.

Kitabu cha mwezi ule kilikuwa cha kijana anayelelewa na babu yake, kijana anaiba kitu anaficha, na babu anafariki sura ya saba. Mimi nilikimaliza kwa siku tatu, nikalia chini ya blanketi. Baba alikuwa anasoma usiku na alama yake ilikuwa risiti iliyokunjwa, na mimi kila asubuhi naenda kuchungulia. 12. 40. 58. Halafu 61, na hapo ikakwama wiki mbili. Sura ya saba inaanza 63.

Babu yetu sisi alikuwa ametutoka miezi minne tu nyuma.

Basi kwenye mjadala mkutubi akauliza, ungekuwa karibu na huyu kijana ungemshauri nini? Watoto wakasema yao, kitu arudishe, akimbie, hahaha, mmoja akasema auze. Baba akakohoa akasema, "Mimi ningemwambia aende akakae na babu yake amweleze ukweli wote. Mzee atamwelewa."

Kimya. Nakumbuka kidole chake kilikuwa ndani ya kitabu, palepale kwenye risiti, na kimebanwa hadi kucha imekuwa nyeupe. Kijana mmoja mkubwa mkubwa upande wa pili akasema, "Lakini babu si alishakufa?" Watu wakacheka, sio kwa ubaya, ila walicheka.

Baba hakucheka wala hakumwangalia yule kijana. Alinigeukia mimi, taratibu, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Alikufa?"

Nikamwambia ndio baba, sura ya saba. Yaani nilijisikia kama mimi ndo nimepewa habari nimletee, wakati miezi minne kabla ni yeye aliyenikalisha kitandani akaniambia ya babu.

Mkutubi yule, Mungu ambariki, hakuharakisha kutuvusha. Alisubiri, halafu akamuuliza baba kama sasa angebadilisha ushauri wake. Baba akafikiri. Akasema, "Hapana. Aende tu. Akamweleze."

Na mimi kwa akili zangu za miaka kumi nikaona aibu, nikadhani baba hajaelewa swali.

Tuliendelea na ile mijadala miezi kadhaa, tukahama, ikaishia hapo. Kitabu kilirudishwa maktaba na risiti haikuwemo, kwa hiyo sijui kama alifika mwisho au aliitoa tu ili kirudi kisafi. Kuna siku naamini alijua kinachokuja akakataa kufungua ukurasa. Kuna siku nakumbuka kwamba baba alikuwa anarudi kachoka analala na kitabu usoni, na labda hakuna lolote la ziada. Sikuwahi kumuuliza.

Mimi karatasi yangu iko 34. Kwenye hiki sijui kama kuna anayekufa, sijafika huko, ni usingizi tu. Mjadala ni Jumamosi. Nimemwambia binti nitamalizia kesho, kaniangalia, kaenda zake.