Tulipofumba Macho Ngomeni

"Mama, bomu likipasuka huko juu kwenye nyota, tutalisikia?"

Haya ndiyo maswali ya kitinda mimba wangu wakati wa kula. Nikamwambia hapana, huko hakuna hewa ya kubeba mlio. Baba yake akaacha tonge, akaniuliza nimeyajulia wapi hayo.

Kijijini Ngomeni, pwani ya Kenya, nikiwa kidato cha tatu. Mwalimu wa fizikia alitupeleka ufukweni usiku tuzione taa za San Marco, majukwaa ya kurushia roketi yaliyo baharini. Habari za setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa pale Desemba 12, 1970, tulishazichoka. Yeye akaja na za 1962: Wamarekani walilipua bomu la nyuklia la megatoni 1.4, kilomita 400 juu ya Pasifiki, na huko Honolulu, mbali kilomita zipatazo 1,400, baadhi ya taa za barabarani zikazimika. Mwaka uliofuata Marekani, Uingereza na Muungano wa Kisovieti wakakubaliana kuacha majaribio ya angani. Sasa mtu akivunja ahadi kwa siri, atajulikanaje?

"Laleni chali. Fumbeni macho."

Mchanga ulikuwa bado na joto la mchana. Wasichana tukajifunika leso usoni, wavulana wakacheka, kaa akanipita mguuni nikajikaza nisipige kelele. Aliyelala kando yangu alianza kusoma Ayatul Kursiy kimoyomoyo, midomo ikimcheza. Ghafla, wekundu nyuma ya kope.

"Mwanga umetoka wapi?" mwalimu akauliza.

Kila mkono ulielekea kwake. Mwalimu alikuwa nyuma ya vichwa vyetu na kamera yenye flashi.

Basi, akasema, kama mlivyoona wekundu wa kope bila kuiona flashi, wataalamu wa Los Alamos, maabara ya nyuklia ya Marekani, nao hawakulitafuta bomu lenyewe. Eksirei zake hushuka zikaipiga hewa, kilomita 80 hivi juu yetu, na naitrojeni ikang'aa buluu ya kukaribia zambarau. Vifaa vya ardhini vilipokea rangi hiyo tu. Umeme wa mvua je? Huo ni mzembe, akasema. Mng'ao wa bomu hupanda upesi kuliko radi yoyote, tena huonekana vituoni vilivyo mbalimbali kwa mpigo.

"Na sisi, Mwalimu, tunacho kituo?"

Akasema lori la kurudi Malindi linangoja.

Yule msomaji wa Ayatul Kursiy, sasa ana duka la vipuri mjini, anashikilia mpaka leo kwamba mimweko ilikuwa miwili na mwalimu alibonyeza mara moja. Kamera haikuwa na filamu, hivyo hakuna wa kumpinga.