Mafuta ya kidevu kinachowasha: kumbukumbu ya mradi wangu

3 Juni

Leo nimeuficha wembe juu ya kabati, na sijaufanya hivyo kwa kutafuta urembo. Miaka mitatu sasa nanyoa kila baada ya siku mbili, na kila nikinyoa shingo inanijibu kwa vipele vyeusi vinavyouma, vingine vina usaha. Nywele zetu za kujisokota zikikatwa karibu sana na ngozi hubaki na ncha kali. Zikianza kuchomoza hupinda na kurudi kuichoma ngozi ile ile zilikotoka. Ukiendelea kunyoa, unaendelea kuzinoa. Kwa hiyo nimeamua kuziacha.

Tatizo ni wiki za mwanzo. Nimejaribu mara mbili mwaka huu, na mara zote mbili nilishindwa siku ya kumi au ya kumi na mbili, kidevu kikiwasha kama kimemwagiwa upupu. Halafu mimi ni bodaboda. Kamba ya helmeti inapita pale pale chini ya kidevu, jasho linashuka, vumbi linakuja kukaa juu yake, na abiria nyuma hataki dereva anayejikuna.

Basi mradi ndio huu: kutengeneza mafuta yangu ya kutuliza. Ya kuotesha siyatafuti. Ndevu huota kwa homoni na urithi, na ushahidi ninao nyumbani: mjomba wangu ana miaka hamsini, kidevu chake laini kama cha mwali, na chupa za "kukuza ndevu" alizonunua zingejaza toroli.

5 Juni

Nimekwenda kwa bibi na nazi tano zilizokomaa, zile ambazo ukizitikisa unasikia maji yanacheza ndani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo umeniletea mahari?"

Nikamweleza shida. Akanishika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga kama anayechagua embe. "Hizi ndevu, au umepaka masizi?"

Kazi yenyewe ilichukua jana jioni na leo asubuhi. Nimekuna nazi zote tano kwenye mbuzi (mgongo hadi sasa unalalamika), tukakamua tui la kwanza na la pili kwa kifumbu, tukaliacha usiku kucha kwenye bakuli lililofunikwa. Asubuhi uzito wote mweupe ulikuwa umepanda juu, maji yamebaki chini. Bibi akauengua ule wa juu kwa kijiko, akautia kwenye sufuria juu ya moto mdogo wa mkaa.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu. Mwanzo linachemka kama uji, kisha linakatika, kisha unaanza kuona mafuta yanajitenga na vipande vidogo vinavyogeuka rangi ya dhahabu. Mimi nilipoona mafuta tu nikataka kuipua. Bibi akanigonga mkono kwa mwiko.

"Bado inasema."

Akaniambia nisitazame, nisikilize. Ni kweli: maji yaliyobaki yakikutana na mafuta ya moto hupasuka, na sufuria inatoa ule mlio wa kukaanga. Mlio ulipungua, ukawa wa hapa na pale, halafu sufuria ikanyamaza kabisa. Hapo ndipo alipoipua. Maji yakibaki, alisema, mafuta hayamalizi wiki yanachacha. Tukachuja kwa kitambaa cheupe. Nimepata kama mililita 220, harufu yake ya kukutia njaa. Vile vipande vya kahawia tulivila na sukari, na nadhani bibi alikubali kazi yote kwa sababu yake.

8 Juni

Chupa ya kwanza. Mafuta ya nazi mililita 20, mafuta ya nyonyo 10, na matone kumi na mawili ya mafuta ya karafuu.

Nyonyo niliyanunua yakiwa yamekamuliwa tayari, duka la viungo pale Ngamiani. Mnyonyo umejaa nyuma ya nyumba yetu na rafiki yangu alinishauri nisage mbegu mwenyewe. Hapana. Mbegu zile zina sumu ya risini, na sumu hiyo hubaki kwenye mashudu. Ukikamua kienyeji jikoni unashika kitu usichokiweza, tena kwenye vyombo vya chakula. Nyonyo ni mazito mno kupaka peke yake, yananata kama asali, lakini ukiyachanganya na mafuta mepesi yanaushikilia unyevu kwenye ngozi.

Karafuu nilikuwa na sababu yake. Mafuta haya hutengenezwa Pemba, hapo ng'ambo tu ya bahari yetu, kwa karafuu na makonyo yake, na kila mtu hapa Tanga anajua habari ya karafuu na jino linalouma. Nikajisemea, kama inatuliza jino, itashindwaje na kidevu?

Usiku huu nitapaka.

9 Juni

Moto.

14 Juni

Sasa naweza kuandika vizuri. Usiku ule nilipaka kidevuni na shingoni, baada ya dakika tano nikahisi joto tamu, baada ya kumi halikuwa tamu tena. Nikakimbilia maji, na maji hayatoi mafuta, yanayateleza tu yaende sehemu ambayo haikuwa imeungua. Nililotakiwa kufanya, na ndilo nililofanya hatimaye, ni kujifuta kwa mafuta ya nazi matupu kwenye pamba, kisha sabuni ya mche, kisha maji. Shingo ilibaki nyekundu siku tatu na ikabambuka ya nne. Kijiweni wakanipa jina la Pilau.

Kinachotia ganzi jino ndani ya karafuu kinaitwa eujenoli, na hicho hicho kikizidi huunguza ngozi. Nimekaa na hesabu ambayo ilitakiwa ije kabla ya chupa. Mililita moja ni kama matone ishirini, kwa hiyo chupa ya mililita 30 ni matone mia sita. Matone yangu kumi na mawili ni asilimia 2. Karafuu kwenye ngozi haitakiwi kuvuka nusu asilimia, yaani matone matatu kwa chupa nzima, na hiyo ni ngozi nzima, si ngozi yenye vipele vilivyopasuka kama yangu. Isitoshe sikujaribu kwanza kwenye mkono. Makosa yote ni yangu, Pemba haina deni.

Kuanzia leo: chochote kipya kinapakwa kwanza ndani ya kiwiko, siku mbili, ndipo kipande usoni.

20 Juni

Chupa ya pili. Safari hii shubiri mwitu.

Nimekata jani nene, nikalisimamisha kwenye kikombe nusu saa ili yale maji ya njano yatoke (hayo yanawasha, usiyaache), nikaumenya ute, nikaupiga kwa uma pamoja na mafuta ya nazi mpaka ukawa mweupe kama mtindi. Kiwikoni salama. Kidevuni ni raha isiyosemeka, ubaridi unaokwenda mpaka kwenye meno. Nimelala bila kujikuna kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

26 Juni

Chupa imegawanyika, ute chini, mafuta juu. Nilikuwa naitikisa tu na kuendelea. Leo nimefungua kifuniko, harufu ya maji ya maua yaliyosahauliwa kaburini, na kwenye ute kuna vidoadoa vyeusi.

Bado inasema. Bibi alinipiga na mwiko kwa ajili ya hili hili, nami nikaenda kuyarudisha maji kwenye mafuta kwa mkono wangu. Ute wa shubiri karibu wote ni maji, na maji yakikaa na chakula ndani ya chupa yenye joto, wadudu wanafanya harusi. Viwandani wanatia dawa ya kuhifadhi. Mimi sina, wala sitaki kujifunza kuipima. Nimemwaga.

Ila ule ubaridi siuachi. Kuanzia sasa nakata kipande kidogo cha jani kibichi, napaka ute wenyewe, naungoja ukauke, ndipo mafuta juu yake. Vitu viwili, wakati wake kila kimoja.

3 Julai

Mwezi wa ndevu umetimia. Nimeuvuta unywele mmoja wa kidevuni na kuupima kwa rula: milimita 11. Ukiuachia unajikunja na kuonekana kama 4, ndiyo maana watu wanaapa ndevu zao haziendi.

Mafuta ya nazi matupu nimekuwa nikiyapaka wiki nzima na yana kasoro mbili. Ya kwanza ni kipupwe. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24, na asubuhi hizi natoka saa kumi na moja nikute chupa imekuwa mshumaa. Hiyo unaivumilia, unaiweka kwapani unapovaa viatu. Ya pili siivumilii: mashavuni, ambako sina hata ndevu, zimeota chunusi ndogo ndogo nyeupe. Mafuta ya nazi huziba vitundu vya ngozi kwa baadhi yetu, na mimi nimo. Kwa nywele za kichwani ni mazuri. Kwa wali ni mazuri zaidi.

Sikumwambia bibi.

5 Julai

Chupa ya tatu. Alizeti.

Nilicheka mwenyewe, maana ndiyo tunayokaangia samaki. Lakini alizeti ni mepesi, hayagandi kwa baridi yetu, na yana asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo ngozi huitumia kujenga ule ukuta wake wa kuzuia unyevu usitoroke. Nilitaka yaliyokamuliwa tu bila kusafishwa, na jirani yangu dereva wa lori alikuwa na dumu alilotoka nalo Singida. Yana rangi ya chai na harufu ya mbegu zilizokaangwa.

Alizeti mililita 24, nyonyo 6, nimepima kwa bomba la sindano lisilo na sindano kutoka duka la dawa. Kidonge kimoja cha vitamini E nimekitoboa na kukikamulia ndani, kwa sababu alizeti huharibika upesi yakikutana na hewa na mwanga. Chupa ni ya kahawia, ya dawa ya kikohozi, imeoshwa na kukaa juani siku nzima mpaka nikawa na hakika hakuna hata tone la maji. Harufu sijatia. Hakuna karafuu, hakuna mchaichai, hakuna limau (limau na jua la barabarani havipatani kabisa kwenye ngozi).

7 Julai

Kiwiko kimepita. Sasa jaribio lililonifanya nichekwe zaidi kuliko Pilau: kwa wiki tatu napaka upande wa kulia tu. Kushoto naosha kwa maji yale yale na sabuni ile ile, basi. Jamaa mmoja kijiweni amejitolea kuhesabu mara ninazojikuna tukisubiri abiria, kulia na kushoto, kuanzia saa mbili hadi saa nne.

15 Julai

Kushoto 31, kulia 12. Mhesabuji anadai posho.

28 Julai

Wiki tatu zimekwisha. Urefu: kulia milimita 19, kushoto 19. Nilipima nywele tano kila upande, tofauti niliyoipata ni ya macho yangu. Wingi pia ni ule ule, pale pembeni ya mdomo kuna uwazi upande huu na uwazi upande huu.

Lakini ngozi. Kushoto kuna magamba meupe yanayodondokea kwenye kola, na pale kamba ya helmeti inapopita pamekuwa peusi na pakavu. Kulia magamba hakuna, na hesabu ya mwisho ya kujikuna ilikuwa 3 kwa 14. Vipele vya shingo vimepungua pande zote mbili, kwa hiyo hivyo siwezi kuyapa mafuta sifa. Hiyo ni kazi ya kuuacha wembe.

Nimehamia pande zote leo usiku. Kushoto kumenishukuru.

2 Agosti

Ninavyopaka sasa, kwa anayetaka kuanza. Jioni nikirudi naosha uso kwa maji ya uvuguvugu ili chumvi ya jasho itoke. Kabla hapajakauka kabisa, matone manne kiganjani, nayasugua kati ya vidole na kuyaingiza mpaka kwenye ngozi. Ukipaka juu ya nywele tu umeng'arisha nywele. Kisha mswaki mpya laini, mizunguko midogo shingoni, kuziamsha nywele zinazotaka kulala chini ya ngozi. Ikiwepo iliyokwisha kujizika naikanda kwa kitambaa cha moto, na kichwa chake kikionekana nakiinua taratibu. Kuing'oa ni kuanza upya. Asubuhi sipaki kitu, maana mafuta na vumbi chini ya helmeti ni tope. Kamba ya helmeti nayo nimeivisha kipande cha fulana ya pamba, nakifua kila siku mbili. Nikisema kweli, kile kipande cha fulana kimefanya kazi nusu ya chupa.

9 Agosti

Bibi ameiona chupa. Akaifungua, akanusa, akanitazama.

"Hii haina nazi yangu."

Nikamwambia kuhusu chunusi. Akanyamaza kidogo, akajipaka kwenye visigino, akaingia nayo ndani. Sijaiona tena.

Kijiweni yule mhesabuji wangu naye ameacha kunyoa, yuko siku ya nane, anajikuna kwa funguo za pikipiki. Leo amenisogelea pembeni kwa sauti ya chini.

"Pilau, yale yanaotesha?"

"Hayaoteshi."

"Basi niwekee hayo hayo, kaka. Huku kunawaka."

Kesho natafuta chupa mbili za kahawia.