Nilivyompigia mama hesabu ya Bukoba hadi Mwanza

Mama hapandi meli tangu Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza. Novemba 2022, ndege ya abiria ilipotumbukia Ziwa Victoria ikitaka kutua Bukoba, na ndege nayo akaifutia jina. Likabaki basi. Lakini safari hii magoti yalikataa: Muleba, Chato, Geita, Sengerema, takriban kilomita 400. Daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko, ila bado ni siku nzima umekunja miguu. Na daktari wa macho alikuwa Mwanza.

Alinibana kwa swali moja tu: "Juu ya maji tunakaa muda gani?"

Tiketi ya ndege ilisema dakika 45. Nikamsomea, akashtuka. "Zote hizo majini?"

Nikachukua simu, nikatafuta viwanja vyote viwili kwenye ramani. Bukoba iko nyuzi 1.33 kusini na 31.82 mashariki, Mwanza 2.44 na 32.93. Tofauti ni nyuzi 1.11 kwenda kusini, na 1.11 hizo hizo kwenda mashariki. Kwetu huku karibu na Ikweta mambo ni mepesi, uzi mmoja ni kama kilomita 111 upande wowote utakaoupima. Kwa hiyo kilomita 123 kusini, 123 mashariki, kisha ile kanuni ya pembetatu tuliyochapiwa viboko sekondari: kilomita 174. Hazifiki nusu ya barabara, kwa sababu barabara inalizunguka ziwa na ndege inalikata.

Ndege ndogo za mapangaboi, zile aina ya ATR, zikishatulia angani huenda karibu kilomita 500 kwa saa. Gawanya: dakika 21. Ila haianzi na mwendo huo. Inapanda, inashuka, inageuka kuutafuta uwanja. Nikaweka nusu saa angani. Zinazobaki kwenye tiketi ni za ndege kutembea chini na kusubiri zamu.

Kumficha kwamba sehemu kubwa ya njia hiyo ni ziwa nisingeweza, mtu amezaliwa ufukweni. Hesabu ya nyuzi nayo haikumgusa. Nikakumbuka rozari yake ya jioni. Niliipima kwa siri siku mbili, mwendo wake wa taratibu na nyimbo katikati: matendo matano, yaani mafungu yake yote ya sala, dakika 35. Nikamwambia, "Mama, ni rozari moja. Huimalizi." Akakaa kimya, kisha akauliza mzigo unaruhusiwa kilo ngapi, maana kulikuwa na ndizi za kumpelekea shangazi.

Tuliripoti uwanjani mapema, na hapo ndipo muda mwingi ulipoliwa. Ukijumlisha bajaji, kusubiri mabegi na foleni ya kuingia mjini Mwanza, mlango kwa mlango ilichukua karibu saa nne. Siku ya kurudi ilikuwa mbaya zaidi, ndege ilichelewa na hakuna aliyetuambia kwa nini.

Kwenda, nilimkalisha kiti cha ndani, mbali na dirisha. Magurudumu yalipoacha ardhi akafumba macho, punje mkononi. Yalipogusa Mwanza saa yangu ilisoma dakika 31. Mama akafumbua macho, akanitazama kwa hasira.

"Ndiyo kwanza niko tendo la tano. Wana haraka ya nini?"