Nilivyopata majaribio 16 kati ya 32

Vumbi la makala (mkaa) linalobaki chini ya magunia kwa wauzaji wa Birere, hapa Goma, nilitaka kulifinyanga liwe makala tena. Mambo matano yalinisumbua: unga wa muhogo wa kugandishia, maji, matundu ya chekecheo, nguvu ya kukandamiza na siku za kukausha. Kila jambo nililipa viwango viwili, chini (−) na juu (+). Michanganyiko yote ni 32, na kila mmoja ni kuchemsha lita 3 za maji nikiangalia saa. Vumbi la kutosha sikuwa nalo.

Mtakwimu D. J. Finney alionyesha mwaka 1945 kwamba unaweza kufanya sehemu tu ya jedwali, mradi uichague kwa kanuni. Nikaanza na 8. Unga, maji na chekecheo niliviandikia michanganyiko yote minane. Alama ya kukandamiza niliipata kwa kuzidisha ya unga na ya maji. Ya kukausha, ya unga na ya chekecheo.

Kukandamiza sana kulipunguza dakika 6 za kuchemsha! Nikaenda kuulizia bei ya mashine. Usiku, nikiwa na jedwali mkononi, nikaona safu ya kukandamiza ndiyo ileile ya unga na maji vinapokutana. Dakika hizo zilikuwa za nani?

Nikageuza alama zote, nikafanya majaribio 8 mengine. Sasa kukandamiza kukaonekana kuongeza dakika 5. Alama yake imegeuka, lakini zao la unga na maji halikugeuka, kwa kuwa hasi mara hasi ni chanya. Wastani wa −6 na +5 ni −0.5, hilo tu ndilo fungu la kukandamiza. Dakika 5.5 ni za unga na maji: unga mwingi unataka maji mengi, mchache unataka machache. Mashine sikununua.

Kinachoniuma ni kwamba maji-na-chekecheo bado hayatenganiki na kukandamiza-na-kukausha. Ningeanza na 16 kwa mkupuo, safu ya tano ikiwa zao la zile nne, kila jambo na kila jozi ingejitenga, ikiwa tu miingiliano (athari za pamoja) ya mambo matatu na kuendelea ni midogo. Vumbi lingetumika lilelile.

Jedwali hilo sasa liko ukutani, na magunia mawili mapya yananingoja. Zamu za majaribio nazipigia kura, maana jua na mvua za Goma hazikaushi sawa.